Nimefiwa, sina kazi, na Daf Yomi imenishinda

SWALI

Wahariri wa safu ya ushauri, shalom.

Mimi ni kijana wa jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa upande wa Mbale, Uganda, ila kwa sasa naishi Eastlands, Nairobi, nilikokuja kutafuta riziki. Baba alifariki baada ya Pesaka. Nilikwenda nyumbani tukamzika, nikakaa matanga siku saba, kisha nikarudi kazini. Haikupita muda, stoo niliyokuwa nikifanya kazi kule Industrial Area ikapunguza watu, na mimi nikawamo. Mimi ndiye kifungua mimba, na nyuma yangu kuna wadogo wawili wanaosoma.

Usiku silali vizuri. Nashika simu nasoma habari za vita na za watu wanaowachukia Wayahudi mpaka saa nane, saa tisa. Asubuhi naamka nimechoka, hasira ziko karibu, nawajibu watu vibaya.

Nilidhani Torati itanishika. Baada ya siku thelathini nikaanza Daf Yomi, ukurasa mmoja kwa siku wa Talmudi, ule mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, kwa tafsiri ya Kiingereza kwenye simu. Sikumaliza hata wiki tatu. Nikikosa siku mbili nakuta nadaiwa kurasa mbili, siku ya tatu naogopa hata kufungua. Sasa nimeacha, na kila nikiiona ile programu naona kama nimemwangusha baba.

Jambo la pili ni hisani. Baba alikuwa mtu wa kutoa. Katika kikundi chetu cha WhatsApp michango haiishi: huyu hospitali, yule ada, yule anatolewa vyombo nje. Nimekuwa nikituma, na kuna wakati nilichukua mkopo wa simu ili nitume. Sasa nadaiwa mimi. Tena hapa kwenye ploti yetu kuna mama aliyepigwa na kiharusi, mlango wa tatu kutoka kwangu. Sijaenda kumwona kwa sababu sina cha kumpelekea. Yeye si Myahudi.

La mwisho. Kadishi ya baba, ile sala ya wafiwa, siisemi, maana huku ninakoishi hatupatikani watu kumi. Rafiki yangu mmoja alinitumia ukurasa wa Talmudi, Berakhot 5a, unaosema kuna mateso anayoyaleta Mungu kwa upendo, akaniambia nishukuru. Sikuweza kushukuru. Je, imani yangu ni ndogo? Nianzie wapi?

Mfiwa wa Eastlands

JIBU

Ndugu yetu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Mungu akufariji pamoja na waombolezaji wengine wa Sayuni na Yerusalemu.

Tuanze na swali lako la mwisho, maana hilo lisipotulia hayo mengine hayatakuingia. Rafiki yako alikutumia Berakhot 5a. Angegeuza ukurasa. Upande wa pili, 5b, Talmudi inaleta visa vitatu vya marabi wa karne ya 3 waliolala wagonjwa, na hakuna hata mmoja wao anayeshukuru.

Rabi Hiyya bar Abba aliugua. Rabi Yohanan akaenda kumwangalia, akamuuliza, "Mateso haya unayapenda?" Akajibu, "Siyataki, wala ujira wake siutaki." Yohanan akasema, "Nipe mkono wako." Akampa, akamwinua. Baadaye akaugua Yohanan mwenyewe. Akaja Rabi Hanina, swali lilelile, jibu lilelile, akaomba mkono, akamwinua. Talmudi inauliza: kama Yohanan aliweza kumwinua mwenzake, alishindwaje kujiinua? Na inajibu: mfungwa hajitoi gerezani mwenyewe.

Kisa cha tatu ndicho tunachotaka ukisome kwa sauti. Rabi Elazar amelala katika chumba cha giza. Yohanan, ambaye Talmudi inamsifu kwa uzuri wake, anaingia na kufunua mkono, na nuru ya ngozi yake inamulika chumba. Anaona Elazar analia. Unalia nini? Ni kwa kuwa hukujifunza Torati ya kutosha? Tumefundishwa kwamba afanyaye mengi na afanyaye machache ni sawa, mradi aelekeze moyo wake mbinguni. Ni kwa ajili ya riziki? Si kila mtu hujaliwa meza mbili. Ni kwa ajili ya watoto? Tazama, hiki ni kifupa cha mwanangu wa kumi. Elazar anasema halii kwa lolote katika hayo. Anaulilia uzuri huu wa Yohanan utakaokuja kuoza mchangani. "Kwa hilo," anasema Yohanan, "kweli una haki ya kulia." Wakalia wote wawili. Ndipo akamuuliza kama anayapenda mateso yake, akapata jibu lilelile, akamtaka mkono, akamwinua.

Majibu matatu ya mwanzo ya Yohanan yote ni sahihi, na hakuna lililosaidia, kwa sababu alikuwa anakisia. Rafiki yako naye alikisia. Imani yako haina kasoro: jibu lako ndilo walilolitoa wakubwa wa Talmudi wenyewe. Umekosa mtu wa kukupa mkono tu, na hilo tutalirudia.

Halafu lirudie lile jibu la kwanza la Yohanan, la mengi na machache. Hilo ndilo la kuwekea msingi katika hali uliyonayo.

Daf Yomi ilitangazwa na Rabi Meir Shapiro mjini Vienna mwaka 1923. Ni kurasa 2,711, miaka saba na nusu hivi kutoka mwanzo hadi mwisho, na nguvu yake ni kwamba Wayahudi kila pembe ya dunia wanafungua ukurasa mmoja siku moja. Lakini gari hilo halina kituo. Ukurasa mmoja bila mwalimu ni saa nzima au zaidi, na mara nyingi hoja ya leo imeanza jana, kwa hiyo aliyekosa jana leo hajui wanabishania nini. Mtu mwenye msiba akili yake haishiki hoja ndefu. Hilo si uvivu, kila aliyefiwa analijua. Deni la kurasa linapanda, aibu inapanda nalo, na mwisho mtu anakimbia Talmudi yenyewe. Iondoe programu hiyo kwenye ukurasa wa mbele wa simu. Mzunguko wa sasa, wa 14, ulianza Januari 2020 na utakwisha Juni 2027. Ukitaka kujaribu tena, ngoja mpya uanze, na uwe na mwalimu.

Kwa sasa chukua neno la Shammai, mmoja wa wenye hekima wa kale, katika Avot 1:15: "Ifanye Torati yako kuwa jambo la kudumu, sema machache na utende mengi, mpokee kila mtu kwa uso mkunjufu." Sisi tunalisoma hivi: kipimo cha kujifunza kipangwe kwa siku yako mbaya kuliko zote. Unachoweza kufanya siku umelala kwa saa tatu tu, umegombana na mwenye nyumba na hujala, hicho ndicho kipimo. Kwako wewe ni mishna moja, yaani fungu moja fupi la Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi ambao Talmudi inaujadili.

Anza na hiyohiyo Avot, kitabu kimoja cha Mishna. Ina sura sita, na jumla ya mishna zake inazidi 100 kidogo. Soma moja kwa siku, Jumapili hadi Ijumaa, na Shabati uzirudie zile sita. Ni kama miezi minne, na itaisha ukiwa bado ndani ya miezi kumi na moja ya Kadishi ya baba yako.

Fanya hivi. Nunua daftari la kurasa 96. Nenda saiba uchapishiwe sura ya kwanza kwa lugha unayoielewa vizuri zaidi. Maandishi na tafsiri ya Kiingereza yako bure kwenye tovuti ya Sefaria. Tunakuambia karatasi kwa makusudi, kwa sababu simu ndiyo inayokula usiku wako. Kila jioni, simu ikiwa inachajiwa mbali na kitanda, nakili kwa mkono mishna ya kesho. Ni dakika tano au kumi. Kisha soma sala ya Shema ya kulalia, uzime taa. Asubuhi, ukishanawa mikono na kabla ya kugusa simu, isome mishna hiyo kwa sauti mara mbili, halafu uandike mstari mmoja chini yake ukijibu swali hili: anayesema haya anamkinga msikilizaji na kosa gani?

Tukuonyeshe kwa mishna ya sita ya sura hiyo. Yehoshua ben Perahya anasema: "Jiwekee mwalimu, jinunulie rafiki, na umhukumu kila mtu kwa upande wa wema." Kosa gani? Mwalimu ni wa kujiwekea, maana mtu mwenye dhiki hujifanyia uamuzi peke yake usiku wa manane. Rafiki ananunuliwa, kwa hiyo ana gharama: vocha, muda, uvumilivu. Na kipande cha tatu kimefuata hapo kwa sababu hakuna mwalimu wala rafiki atakayekaa nawe ukimhesabia kila kosa. Ukishaandika hivyo basi, inatosha. Ukikwama kabisa soma maelezo ya Bartenura, mfafanuzi wa Mishna, peke yake. Wafafanuzi ni wengi na kila mmoja anamvuta msomaji kwa mwingine; ukiwafuata, mishna moja itageuka tena kuwa saa nzima.

Sheria ni mbili tu. Ya kwanza: mishna iliyokupita haidaiwi. Ukikosa Jumanne, Jumatano unasoma ya Jumatano, na ile iliyoruka unaijaza Shabati ukiweza. Ya pili: usiongeze kipimo kabla ya kumaliza sura ya kwanza. Ina mishna 18, yaani wiki tatu. Siku ya nane au ya tisa utajisikia umepona, utataka kusoma tatu kwa siku, na hapo ndipo wengi huangukia, kwa kuwa wamekipanga kipimo kwa siku nzuri.

Sasa ule mkono. Tafuta mwenzako mmoja wa kujifunza naye, havruta. Awe mtu wa nyumbani, mnayelingana, asiwe wa kukuhubiria. Mpigiane mara mbili kwa wiki, dakika ishirini, saa ileile. Salamu dakika moja, kisha mmoja anasoma na mwingine anapinga. Kupinga ndiyo kazi. Havruta anayekubali kila kitu hakusaidii. Habari za mjini na za vita zibaki dakika za mwisho. Mkianza nazo, hamtafika kwenye mishna. Asiyeweza kupiga siku hiyo atume picha ya ukurasa wa daftari lake, na hakuna maelezo yanayodaiwa.

Kuhusu Kadishi. Inahitaji minyani, watu kumi, na ni desturi ya siku nyingi kwamba aliyekosa minyani hujifunza mishna kwa ajili ya marehemu. Kwa hiyo ile mishna ya asubuhi tayari ni ya baba. Kabla ya kusoma sema kwa lugha yoyote: "Ninajifunza hii kwa ajili ya roho ya baba yangu," umtaje jina lake na la baba yake. Wale wadogo zako waombe waiseme Kadishi katika sinagogi la nyumbani kila minyani ikipatikana, maana nao ni watoto wake. Hapo Nairobi kuna sinagogi University Way, la Kiorthodoksi. Jua mambo mawili kabla ya kwenda. Masinagogi mengi duniani, kwa sababu za usalama, hayampokei mtu aliyetokea tu getini, kwa hiyo andika mapema ujitambulishe. Pia Abayudaya wengi waliingizwa rasmi katika Uyahudi mwaka 2002 na baraza la marabi wa Conservative, tawi jingine la Uyahudi, na Waorthodoksi wana masharti yao. Kukaribishwa kama mgeni ni jambo moja, na kuhesabiwa katika wale kumi ni jingine. Ukiambiwa huhesabiwi itauma, nasi hatutakudanganya kwamba haitauma, ila maombolezo ya baba yako yasitundikwe kwenye jibu hilo. Zungumza na rabi wa nyumbani, yeye anayejua ukoo wenu.

Na ukiona mishna moja kwa siku ni aibu kwa mtoto wa mtu kama baba yako, kumbuka wazee wenu. Tangu Semei Kakungulu, mwanzilishi wa jamii yenu, alipotahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919 jamii yenu imepita mengi, na wakati wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, ibada ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliiacha. Waliobaki walisali kwa siri wakashika kile kilichoshikika, na ndio waliokuleta wewe hapo ulipo.

Tuingie kwenye hisani, na hapa tutakukemea kidogo. Anayekopa ili atoe sadaka anatoa fedha za aliyemkopesha. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi, katika sehemu ya Yoreh Deah 251, imeweka mpangilio: riziki yako mwenyewe inatangulia, kisha wazazi, kisha watoto, kisha ndugu, jamaa wengine, majirani, watu wa mji wako, ndipo watu wa mji mwingine. Na marabi waliokutana Usha, mji wa Galilaya, waliweka kikomo kwamba hata mwenye moyo mkubwa asitoe zaidi ya moja ya tano ya alicho nacho (Talmudi, Ketubot 50a), asije akageuka kuwa mzigo kwa wengine. Wewe umefika hapo. Andika madeni yako yote katika ukurasa wa mwisho wa lile daftari: nani, kiasi gani, tarehe gani. Mpaka ukurasa huo uwe mtupu, usitume mchango.

Lakini usiache kutoa kabisa. Hata maskini anayelishwa na sadaka anatakiwa naye kutoa sadaka (Gittin 7b), na kiwango cha chini cha mwaka mzima ni thuluthi moja ya shekeli, fedha kidogo sana. Weka kopo mezani, utie shilingi 5 kila siku unapomaliza mishna, isipokuwa Shabati, ambapo fedha haiguswi. Hiyo ni shilingi 30 kwa wiki, na haitakuumiza. Maimonides, rabi mkubwa wa zama za kati, ameeleza kwa nini ni bora hivyo: anayetoa sarafu elfu moja moja, mkono wake unazoea kutoa mara elfu, anayempa mtu mmoja zote kwa mkupuo ameshinda nafsi yake mara moja tu.

Talmudi (Sukkah 49b) inaiweka hisani ya matendo juu ya sadaka kwa sababu tatu. Sadaka ni kwa fedha, hisani ni kwa fedha na kwa mwili. Sadaka ni kwa maskini, hisani ni kwa maskini na tajiri. Sadaka ni kwa walio hai, hisani ni kwa walio hai na waliokufa. Mtu asiye na kazi ana kitu ambacho kikundi kizima cha WhatsApp hakina, yaani saa za mchana. Ujumbe wa michango ukija, jibu hivi: "Pole sana. Kwa sasa sina fedha. Jumanne kuanzia saa nne niko huru, naweza kukaa zamu hospitali au kukuchukulia dawa." Taja siku na saa. Yule anayeandika "ukihitaji chochote uniambie" hajaahidi kitu, na mgonjwa anajua hivyo.

Kwenye kikundi pendekezeni pia utaratibu. Mishna, Peah 8:7, inasema fedha za sadaka hukusanywa na watu wawili na kugawanywa na watatu. Huenda kwenu zinaingia kwenye simu ya mtu mmoja, kama ilivyo kwa harambee nyingi za mtandaoni, na hapo hata mwaminifu hushukiwa. Kisha sehemu ya michango iwe mikopo midogo isiyo na riba, kama chama lakini bila faida juu, maana riba kati ya Wayahudi imekatazwa na Torati. Anayekopesha ni mkubwa kuliko anayetoa sadaka (Shabbat 63a), na katika ngazi nane za sadaka alizozipanga Maimonides ya juu kabisa ni ile ya kumshika mtu kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi kabla hajaanguka. Iandikwe kiasi na tarehe, na mashahidi wawili wawepo. Talmudi (Bava Metzia 75b) inamlaumu anayekopesha bila mashahidi, kwa sababu amemtega mwenzake. Aliyebanwa husahau deni kwa urahisi.

Na ada ya wadogo zako? Usiibebe kimyakimya. Wapigie baba wadogo na wajomba sasa, kabla muhula haujaanza, uwaambie hali ilivyo kwa tarakimu. Mishna hiyohiyo ya Peah imeweka kipimo cha anayeruhusiwa kupokea: mwenye chakula cha milo miwili asichukue kwenye chungu cha kila siku, mwenye cha milo kumi na minne asichukue kwenye mfuko wa wiki. Aliye chini ya hapo anapokea, bila aibu. Yoreh Deah 255 inaenda mbali zaidi: asiyeweza kuishi bila msaada, akakataa kwa kiburi, anahesabiwa kama anamwaga damu yake mwenyewe.

Yule mama wa kiharusi, nenda kesho. Kwamba si Myahudi si kikwazo: Gittin 61a inasema tuwaangalie wagonjwa wa mataifa pamoja na wagonjwa wetu, kwa ajili ya njia za amani. Na kuhusu kutokuwa na cha kupeleka, soma Nedarim 40a. Mwanafunzi mmoja wa Rabi Akiva aliugua na wenye elimu hawakuingia kumwona. Akiva akaingia mwenyewe, na kwa kuwa walifagia na kunyunyiza maji sakafuni mbele yake, yule kijana akapata nafuu. Akamwambia, "Rabi, umenihuisha." Hakuna chungwa wala soda inayotajwa katika kisa hicho. Ni ufagio na maji tu.

Muda una kanuni yake. Usiende saa tatu za kwanza za mchana wala saa tatu za mwisho, kwa sababu asubuhi mgonjwa huonekana afadhali na mgeni anasahau kumwombea, na jioni huonekana kazidiwa na mgeni anakata tamaa. Kwetu, ambako mchana na usiku karibu vinalingana, maana yake ni kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Piga hodi, umuulize kwanza anayemhudumia kama wakati unafaa. Kaa usawa wa macho yake, usimsimamie kwa juu. Kama kauli imepotea, uliza maswali ya ndiyo na hapana na umpe muda wa kujibu kwa kichwa au kwa mkono ulio mzima. Usimsemee kwa sauti kubwa kama kiziwi. Usimpe maji wala chakula bila kumuuliza mhudumu, maana kiharusi mara nyingi huharibu kumeza na anaweza kupaliwa. Dakika kumi na tano zinatosha. Kabla ya kutoka jaza mtungi wa maji, fagia, au mwambie mhudumu alale kwa muda wa saa moja wewe ukiwa mlangoni. Huyo mhudumu ndiye ambaye hakuna anayemwona. Ukirudi nyumbani mwombee yule mama kwa jina.

Zile hasira za asubuhi zitapungua usiku ukirudi mahali pake, na kwa hilo Shabati ni msaada mkubwa. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Huhitaji kubabaika kama wenzetu wa London, ambao Desemba jua lao linazama kabla ya saa kumi jioni. Mchana wa Ijumaa waambie watu wako kwamba hupatikani mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi, uzime simu, uifunge kabatini. Ni saa 25. Saa mbili za mwanzo mkono utaitafuta mfukoni. Habari za vita utazikuta palepale ulipoziacha.

Zikipita wiki mbili ukifanya hivi na bado usingizi umekataa, au yakianza kukujia mawazo ya kutaka kufa, nenda hospitali umwone daktari siku hiyohiyo, hata kama ni Shabati, kwa maana kuokoa uhai kunaisukuma kando. Torati yenyewe imempa daktari ruhusa ya kuponya (Bava Kamma 85a), na hakuna mishna iliyowekwa kuchukua nafasi yake.

Ukimaliza Avot ingia Berakhot, ya Mishna yenyewe bila Talmudi, sura tisa, kisha Peah, sura nane, ambako utakutana na ile 8:7 kwa macho yako. Ukikwama popote tuandikie utaje sura na namba ya mishna, na ule mstari ulioandika chini yake, hata kama unadhani umekosea.